Bahari na Mvua za Ludewa: Historia ya Joto la Bahari ya Hindi na Msimu wa Kilimo katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, 1905–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza uhusiano baina ya joto la uso wa bahari na mvua za Ludewa, mkoani Njombe, kuanzia mwaka 1905 hadi 2024. Hoja yake kuu ni kwamba Ludewa imekaa kwenye bawaba, yaani mahali ambapo athari ya bahari inayoleta mafuriko katika Afrika Mashariki ya ikweta hukutana na athari ya bahari hiyohiyo inayoleta ukame kusini mwa Afrika. Kwa sababu hiyo, kanuni mashuhuri isemayo kuwa mwaka wa El Niño ni mwaka wa mvua nyingi haifai kutumiwa peke yake kusimulia historia ya njaa na shibe katika wilaya hii, wala kumwongoza mkulima wake wakati wa kupanda.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Ludewa ipo zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi inapakana na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban meta 474 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukoni ardhi hupanda ghafla hadi kwenye Milima ya Livingstone, ambayo vilele vyake huvuka meta 2,000. Kusini, Mto Ruhuhu huitenganisha wilaya hii na Mkoa wa Ruvuma kabla ya kumwaga maji yake ziwani karibu na Manda. Juu milimani ni makazi ya Wapangwa. Chini, kandokando ya ziwa, ni Wamanda na Wakisi. Hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe, wilaya hii ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa.

Mvua za Ludewa ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Hili huitofautisha wilaya na mikoa ya kaskazini na pwani ya kaskazini mwa Tanzania, yenye misimu miwili ya vuli na masika. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika maisha ya watu. Mkulima wa Tanga au Moshi aliyekosa vuli anaweza kuitarajia masika. Mkulima wa mlimani Ludewa, ambaye mahindi yake hukaa shambani muda mrefu kutokana na baridi, hupewa nafasi moja tu kwa mwaka. Akipanda mapema mno, mbegu huungua kwa jua la Desemba. Akichelewa, mvua hukatika kabla punje hazijakomaa.

Swali linaloongoza insha hii ni namna bahari iliyo mbali kiasi hicho inavyoshiriki katika kuamua nafasi hiyo moja, na namna ushiriki huo ulivyofahamika, au ulivyofahamika visivyo, katika historia. Wanahistoria wa Tanzania wamelijadili suala la mazingira kwa upana. Kjekshus (1977) alieleza jinsi ukoloni ulivyovunja uwezo wa jamii kuyamudu mazingira yao. Iliffe (1979) aliiweka njaa ndani ya historia ya siasa na uchumi wa Tanganyika. Giblin (2005) aliichunguza Njombe kwa kuitazama familia kama kimbilio la watu walioachwa kando na dola. Katika kazi za aina hii bahari huonekana kwa nadra. Upande wa pili, wanasayansi wa hali ya hewa wameandika mengi kuhusu bahari, lakini katika grafu zao mwanadamu huonekana kwa nadra. Insha hii inasimama baina ya pande hizo mbili.

2.0 Namna Bahari Inavyoinua Hewa ya Bara

Hewa iliyo juu ya maji yenye joto hupata moto na unyevu kwa pamoja. Huwa nyepesi, hupanda, na kadiri inavyopanda hupoa. Mvuke uliomo hugeuka matone, na mgeuko huo hutoa joto fiche ambalo huisukuma hewa juu zaidi. Mwinuko huu wa hewa ndio unaojenga mawingu marefu ya radi katika nchi za joto. Katika bahari za tropiki mwinuko mkubwa huwa wa kawaida pale joto la uso wa maji linapofika kati ya nyuzi 26.5 na 28 za Selsiasi. Aidha, hewa iliyoongezeka joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana mabadiliko ya nyuzi 1 tu, ambayo muogaji hawezi kuyatambua, yanatosha kubadili mvua za bara zima.

Hata hivyo, hewa inayopanda mahali pamoja sharti ishuke mahali pengine. Inaposhuka hupata joto, hukauka, na mawingu hutoweka. Kwa hiyo bahari yenye joto haitoi mvua tu. Hugawa mvua, na katika kugawa huko yupo anayepewa na yupo anayenyimwa. Jambo hili ndilo ufunguo wa kuielewa Ludewa.

Kati ya Oktoba na Desemba, katika hali ya kawaida, maji ya Bahari ya Hindi yaliyo karibu na Sumatra huwa na joto kuliko yale yaliyo karibu na Afrika. Hewa hupanda mashariki na kushuka magharibi. Katika baadhi ya miaka mpangilio huo hugeuka: maji ya mashariki hupoa, ya magharibi hupata joto, na pepo zenye unyevu huelekea Afrika ambako hewa hupanda na kumwaga mvua. Hali hii huitwa dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Mara nyingi, ingawa si mara zote, huambatana na El Niño, yaani ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki.

Mambo hubadilika ifikapo Januari hadi Machi. Baada ya El Niño kukomaa, Bahari ya Hindi karibu yote hupata joto, pamoja na eneo lake la kusini-magharibi. Wakati huo ukanda wa mwinuko wa hewa huelekea kuhama kutoka bara na kukaa juu ya bahari, huku hewa ikishuka juu ya nchi za kusini mwa Afrika. Goddard na Graham (1999), kwa kutumia mifano ya kompyuta ya angahewa, walionyesha kuwa mvua za Afrika Mashariki na za kusini mwa Afrika haziwezi kuelezwa vizuri kwa joto la Pasifiki pekee. Joto la Bahari ya Hindi lenyewe lazima lihesabiwe. Bahari iliyolinywesha bara mwezi Novemba inaweza basi kulinyima mwezi Februari.

Msimu wa Ludewa umezikumbatia nyakati zote mbili. Huanza wakati ambao joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea kuleta mvua, na hukomaa wakati ambao joto hilo huweza kuivuta mvua kwenda baharini. Kijiografia pia wilaya ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, katikati ya maeneo hayo mawili. Bawaba hii, kwa hiyo, ni ya mahali na ya majira.

Zipo nguvu nyingine zinazoingia kati. Wakati wa kaskazi, upepo ambao mabaharia wa pwani waliutumia kwa karne nyingi kuvuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, ukanda mvua huwa umeshuka kusini, na pepo za kaskazini-mashariki hukutana na pepo zenye unyevu kutoka upande wa Kongo. Kimbunga kinapozunguka karibu na Madagaska au katika Mlango wa Msumbiji, huweza kuvuta upepo wa magharibi upite juu ya Nyanda za Juu Kusini ukiwa na mvua, au kuuhamishia unyevu kwake na kuziacha nyanda hizo kavu kwa siku kadhaa. Kisha lipo Ziwa Nyasa lenyewe, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 29,600 na maji ya juu yenye joto wakati wa mvua, ambalo hufanya kazi ya bahari ndogo chini ya ukuta wa milima. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka ziwani na kuinua mawingu juu ya maji. Mchana upepo wa ziwa hupanda milimani. Vijiji viwili vinavyoonana kwa macho, kimoja ufukoni na kingine juu ya ukingo, vinaweza kupata misimu tofauti katika mwaka mmoja.

3.0 Kukua kwa Elimu ya Bahari na Mvua

Elimu hii ilianza kutokana na njaa. Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza, alikwenda India mwaka 1904 kuongoza idara ya hali ya hewa, wakati kumbukumbu ya ukame na njaa ya 1899–1900 ilikuwa bado mbichi. Katika kutafuta njia ya kubashiri pepo za msimu, alilinganisha kanieneo ya hewa katika vituo vya dunia nzima na kugundua mbembeo mkubwa kati ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. Mwaka 1924 aliupa jina la mbembeo wa kusini. Walker hakuwa na maelezo ya kutosha kuhusu chanzo chake. Maelezo hayo yalikuja katika miaka ya 1960, Jacob Bjerknes alipoliunganisha joto la maji ya Pasifiki na mbembeo huo, na kuuita mzunguko wa hewa uliohusika kwa jina la Walker.

Katika Afrika Mashariki, vipimo vya mvua vya enzi ya Wajerumani vilitegemea sana maboma na misheni. Mwaka 1929 serikali ya Uingereza iliunda idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius, kisiwa chenye uzoefu mrefu wa vimbunga. Idara hiyo iliendelea hadi kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ambapo Tanzania ililazimika kusimamisha huduma yake yenyewe. Wakala wa Hali ya Hewa uliundwa mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 ukawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Wasomi wa eneo hili walichangia elimu hiyo kwa kiasi kikubwa. Ogallo (1988), wa Kenya, alionyesha uhusiano kati ya mbembeo wa kusini na mvua za Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla yake, Ropelewski na Halpert walikuwa wamechora ramani ya dunia ya athari za El Niño, ambamo Afrika ya ikweta mashariki ilionekana kuwa eneo la mvua nyingi na kusini-mashariki mwa Afrika kuwa eneo la ukame. Mwaka 1999 Saji na wenzake walitangaza dipoli ya Bahari ya Hindi kuwa jambo linaloweza kutokea hata bila El Niño. Kijazi na Reason (2005) walizichunguza mvua za pwani ya Tanzania na kukuta kuwa uhusiano wake na El Niño ni dhahiri zaidi kaskazini kuliko kusini.

Tokeo hilo la mwisho linastahili kusomwa kwa makini na mwanahistoria. Kama uhusiano huo hulegea ndani ya pwani ya nchi moja, kutoka Tanga hadi Mtwara, hakuna sababu ya kudhani kuwa utakuwa imara katika milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa.

4.0 Ushahidi wa Historia

4.1 Njaa Isiyotoka Baharini, 1905–1907

Wapangwa walikuwa miongoni mwa jamii zilizoingia katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Majeshi ya Kijerumani, chini ya utawala wa Gavana von Götzen, yaliukabili upinzani wa kusini kwa kuchoma vijiji, maghala na mazao. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio yanayotajwa zaidi huiweka idadi ya waliokufa katika maeneo yote ya vita kati ya 250,000 na 300,000.

Tukio hili linawekwa mwanzoni mwa ushahidi kwa sababu ya kimbinu. Mtafiti mwenye orodha ya miaka ya El Niño mkononi hushawishika kuitafutia kila njaa mwaka wake wa bahari. Katika Upangwa wa 1906 kishawishi hicho kingempoteza. Hata mvua ingenyesha kwa wastani, mtu aliyechomewa ghala na mbegu hakuwa na cha kupanda, na aliyekimbilia msituni hakuwa na shamba la kupalilia. Bahari huweza kupunguza mavuno, haichomi ghala. Kila njaa inayodaiwa kuwa ya hali ya hewa inapaswa kwanza kuulizwa ni nani aliyekuwa na chakula, nani aliyekizuia, na nani aliyekiharibu.

Tahadhari hiyo inahitajika pia kwa miaka ya 1970. Ludewa ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa wakati TANU ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo mjini Iringa mwaka 1972. Uhaba wa chakula wa 1973 hadi 1975, ulioilazimu nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje na kuzaa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, uliangukia katika miaka ya ukame na katika miaka ya Operesheni Vijiji. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu lipi kati ya hayo mawili lilikuwa na uzito zaidi. Kwa eneo la bawaba ubishi huo hauwezi kumalizwa kwa jedwali la mvua la taifa, kwa kuwa ukame wa Dodoma si ushahidi wa ukame wa Ludewa.

4.2 Maziwa Mawili, Habari Mbili

Pale ambapo vipimo vya mvua ni vichache, ziwa hutumika kama daftari. Kina cha Ziwa Nyasa hakiandiki habari za Ludewa peke yake, kwa kuwa bonde lake limeenea hadi Malawi na Msumbiji. Lakini Ruhuhu ni miongoni mwa mito inayoliingizia maji mengi, na Milima ya Livingstone ni sehemu ya paa lake.

Kati ya 1915 na 1935 maji ya Ziwa Nyasa yalikuwa yameshuka kiasi kwamba Mto Shire, ambao ndio mlango wake pekee wa kutokea, uliacha kupokea maji ya ziwa. Baadaye maji yalipanda tena na kufikia kina kikubwa karibu na mwaka 1980, kisha yakashuka katika miaka ya 1990, hasa baada ya ukame mkali uliozikumba nchi za kusini mwa Afrika katika msimu wa El Niño wa 1991/92.

Ziwa Viktoria linasimulia habari nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1961, wakati Tanganyika ikipata uhuru, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha Afrika Mashariki, na kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta 2. Mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Ulikuwa mwaka wa dipoli chanya, nao ni miongoni mwa miaka sita ambayo Saji na wenzake waliitumia kuelezea ugunduzi wao. Mvua ya uhuru ilitoka Bahari ya Hindi, na ilimchukua mwanasayansi takriban miaka 40 kuipatia jina.

Tofauti ya maziwa haya ilionekana wazi zaidi mwaka 1997. Mwishoni mwa mwaka huo El Niño yenye nguvu na dipoli chanya zilitokea pamoja. Mafuriko yaliharibu barabara na reli nchini Kenya na Tanzania, homa ya Bonde la Ufa ilizuka, na Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya meta 1. Ziwa Nyasa, kwa upande wake, lilikuwa limeingia mwaka huo likiwa katika mojawapo ya vina vyake vya chini tangu miaka ya kati ya karne. Nchi moja ilikuwa na ziwa lililofurika na ziwa lililonywea. Hata hivyo ni habari ya kwanza iliyoingia katika lugha: tangu mwaka huo neno Elinino limetumika katika Kiswahili cha kila siku kwa maana ya mvua kubwa ya maangamizi. Maana hiyo ilizaliwa kaskazini na pwani, kisha ikasafiri kwa redio hadi mahali ambapo haikuzaliwa.

4.3 Maarifa ya Wenyeji

Wenyeji wa milima hii hawakuihitaji nadharia ya bahari ili kujua kuwa msimu haubashiriki kirahisi. Mfumo wao wa kilimo ulikuwa na jibu. Katika Njombe, Iringa na Ludewa, mabonde yenye unyevu hulimwa wakati wa kiangazi kwa bustani ziitwazo vinyungu, ambamo mahindi, maharage na mboga hukua kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini baada ya mvua kukoma. Kwa njia hiyo nafasi moja ya mwaka hugawanywa mara mbili: mlimani kwa mvua inayonyesha, bondeni kwa mvua iliyokwisha kunyesha. Ufukoni muhogo, unaovumilia siku nyingi za jua, huungana na samaki, na Wakisi hubadilishana vyungu vyao kwa chakula cha majirani. Ulezi, nafaka ya zamani inayohifadhika kwa muda mrefu, ulikuwa akiba. Hata ulanzi, pombe ya mianzi inayogemwa wakati wa mvua, hufuata kalenda hiyohiyo.

Mfumo huo ulikabili jambo ambalo ni la hatari zaidi kwa eneo la bawaba. Jumla ya mvua ya mwaka katika sehemu kubwa ya nyanda hizi huvuka milimita 1,000 na kwa kawaida inatosha. Kinachoharibu ni mpangilio wake: mvua ya kwanza inayodanganya, wiki mbili au tatu za jua katikati ya Januari au Februari, au kukatika mapema mwezi Machi. Mwaka unaweza kuandikwa kuwa wa wastani katika taarifa ya mkoa na ukawa wa njaa katika kaya.

5.0 Utabiri, Mbegu na Ghala

Nafasi ya Tanzania baina ya maeneo mawili inaonekana pia katika taasisi. Mwezi Septemba 1997 jukwaa la kwanza la utabiri wa msimu kwa nchi za kusini mwa Afrika lilikutana Kadoma, Zimbabwe. Mwezi Februari 1998 jukwaa kama hilo kwa nchi za Pembe ya Afrika lilianza Nairobi. Tanzania inashiriki katika yote mawili. TMA nayo hutoa utabiri wa aina tatu: wa vuli, wa masika, na wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa ya mvua moja, ukiwamo Njombe.

Mgawanyo huo ni sahihi kisayansi. Ugumu hutokea katika usikilizwaji wake. Utabiri wa vuli hutangulia kutangazwa, na ukiwa na neno El Niño ndani yake husambaa haraka na kwa kishindo. Ilikuwa hivyo Agosti 2023. Yaliyofuata yaliuthibitisha kwa maeneo yaliyokusudiwa: Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu Katesh, wilayani Hanang, na Aprili 2024 bonde la Rufiji lilifurika. Upande wa kusini, msimu huohuo na bahari hiyohiyo zilileta ukame uliozifanya Zambia, Malawi na Zimbabwe kutangaza hali ya maafa kati ya Februari na Aprili 2024. Ludewa inatazamana na Malawi kwa upana wa ziwa tu.

Athari za kuisikia sauti moja kati ya mbili ni za kiuchumi. Mkulima anayeamini kuwa mwaka wote utakuwa wa mvua nyingi hununua mbegu ya kukomaa kwa muda mrefu, huweka mbolea yote mapema, na huenda akapunguza eneo la vinyungu au la muhogo. Iwapo nusu ya pili ya msimu itakauka, deni la pembejeo litabaki palepale. Kwa hiyo taarifa inayomfaa zaidi si ile ya jumla ya mvua, bali ile ya tarehe ya kuanza, uwezekano wa siku za jua katikati ya msimu, na tarehe ya kukoma.

Bawaba ina faida pia, na faida hiyo ni ya taifa zima. Kwa kuwa bahari mara nyingi haizikaushi kaskazini na kusini kwa wakati mmoja, mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yamekuwa bima ya nchi. Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA na barabara kuu ya Zambia hukutana na barabara iendayo Njombe na Songea, pana kanda ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Mahindi yanayonunuliwa kutoka wilaya jirani hukusanywa hapo na kupelekwa kunakohitajika. Mwaka 2024, baada ya ukame wa kusini, Tanzania iliingia makubaliano ya kuiuzia Zambia mahindi ya NFRA. Tofauti ya joto katika maji ya Bahari ya Hindi iligeuka kuwa magunia yaliyosafirishwa kuelekea Tunduma. Bima hiyo, hata hivyo, hulipwa na mkulima wa mlimani. Yeye ndiye anayebeba hatari ya msimu mmoja, na pale mauzo ya nje yanapozuiwa au malipo yanapochelewa, ndiye anayekosa fidia ya kuibeba.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa joto la uso wa bahari limeshiriki katika historia ya Ludewa kwa namna isiyoweza kufupishwa katika kanuni moja. Joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea kuinua hewa juu ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa msimu, na joto la bahari hiyohiyo huweza kuivuta mvua kutoka kusini mwa bara baadaye katika msimu huohuo. Ludewa, kwa latitudo yake na kwa urefu wa msimu wake, ipo ndani ya athari zote mbili, na juu yake zimeongezwa athari za upepo wa Kongo, vimbunga, ziwa na milima. Njaa ya 1905–1907 imeonyesha mpaka wa maelezo ya bahari. Maziwa ya Viktoria na Nyasa yameonyesha kuwa taarifa ya upande mmoja wa nchi si taarifa ya upande mwingine. Vinyungu vimeonyesha kuwa wenyeji walijipanga dhidi ya kutotabirika kwa msimu kabla sayansi haijaeleza sababu zake.

Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, watafiti wa historia ya njaa wasitumie orodha ya miaka ya El Niño kama maelezo ya Nyanda za Juu Kusini bila kuichunguza njaa yenyewe. Pili, daftari za mvua zilizoandikwa katika misheni, shule na ofisi za kilimo za Njombe na Ludewa zikusanywe na kuhifadhiwa pamoja na masimulizi ya wavuvi na wakulima, kwa kuwa vijiji vya ufukoni na vya mlimani haviwezi kuwakilishwa na kituo kimoja. Tatu, utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili utangazwe wilayani kwa kutenganishwa wazi na utabiri wa vuli, ukitaja mwanzo, katikati na mwisho wa msimu, na kabla wakulima hawajanunua mbegu.